Daftari la Waziri wa Mikopo

Nililikuta chini kabisa ya kabati la ofisi ya serikali ya wanafunzi, limefunikwa na fulana za kampeni na mabango ya miaka iliyopita. Kaunta buku kubwa, jalada jeusi, kona zimeliwa na panya. Ilikuwa Januari 2016. Nilikuwa Waziri wa Mikopo na Ustawi katika chuo kidogo cha ualimu huko Nyanda za Juu Kusini, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi na kila mtu huingia darasani na sweta. Wenzangu 41 walikuwa wamemaliza wiki ya sita bila bumu. Nilifungua kabati kutafuta karatasi safi ya kuandikia orodha yao upya, kwa mara ya nne.

Kwa ambaye hakupita chuo hapa Tanzania, bumu ni fedha ya kujikimu anayopewa kwa mafungu mwanafunzi mwenye mkopo wa Serikali. Ndiyo chakula, ndiyo kodi ya chumba, ndiyo sabuni, na kwa wengi wetu ndiyo pia daftari na viatu vya mdogo wetu aliyebaki nyumbani. Miaka ya karibuni imekuwa shilingi 10,000 kwa siku; kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Wakati wetu orodha ilifika chuoni, unapanga foleni kwa afisa mikopo, unatafuta jina lako, unasaini, unarudi chumbani kusubiri ujumbe wa benki. Siku ya kusaini chuo kizima kinajua. Wenye majina wanaondoka wakitembea haraka. Wasio na majina wanabaki mbele ya ubao wa matangazo wakipitisha kidole kwenye orodha kwa mara ya tatu, kama vile jina litajitokeza likitafutwa zaidi.

Hao 41 niliwajua mmoja mmoja. Yupo mdada wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amesafiri siku mbili kufika chuoni, na sanduku lake bado lilikuwa na harufu ya dagaa wa nyumbani. Alikuwa anapiga pasi ndefu, kama tulivyosema chuoni: unakula saa sita mchana, halafu unangoja tena saa sita mchana ya kesho. Mama ntilie wa nyuma ya geti alikuwa na daftari lake mwenyewe la madeni, na wiki ile aliniita pembeni akaniambia, "Waziri, mwanangu, mimi maharage nanunua kwa fedha taslimu." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na jibu.

Nikaketi sakafuni nikalifungua lile daftari jeusi. Mwandiko ulikuwa wa mtu nisiyemjua, umelala upande wa kushoto, wino wa bluu. Kurasa za mwanzo zilikuwa na mihutasari ya vikao, nauli, namba za simu. Katikati kulikuwa na ukurasa wa miaka miwili nyuma wenye kichwa kimepigiwa mstari: WALIOKOSA BUMU. Chini yake mistari minne. Mstari wa pili ndio ulionisimamisha. Uliniambia niulize ni nani kati yao aliyerudia mtihani wa kidato cha nne.

Usiku ule nilipita chumba kwa chumba na tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika. Kati ya wale 41, waliorudia mtihani walikuwa 38. Kila mmoja alikuwa na namba mbili za mtihani, ya mara ya kwanza na ya mara ya pili. Mkopo waliombea namba moja. Aliyechapa orodha pale chuoni akaweka nyingine. Kwenye karatasi wakawa watu wawili tofauti, na mtu wa pili hakuwa ameomba mkopo wowote. Wiki sita tulikuwa tunalalamika kuhusu majina, kumbe tatizo lilikuwa tarakimu. Na dawa yake ilikuwa ndani ya kabati, hatua tatu kutoka kwenye kiti nilichokalia kila jioni.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Rais wetu wa serikali ya wanafunzi alimpigia kiongozi mmoja wa TAHLISO, jumuiya yetu ya taifa, mwanafunzi kama sisi, wa chuo kingine kabisa, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga mkoa wetu. Yeye hakuuliza maswali mengi. Akasema: leteni barua yenye muhuri wa chuo, nakala za vyeti, na mtu wa kuja nazo. Nikapanda basi la alfajiri na bahasha nimeilalia kifuani, njia nzima sikuitoa. Ubungo, kituo cha mabasi cha Dar es Salaam, aliniongoja yeye mwenyewe, tukaenda pamoja mpaka kwenye meza husika, akasalimia watu kwa majina, tukapokelewa. Siku ya tisa bumu la wale 38 liliingia. Watatu waliobaki walikuwa na matatizo mengine, na nayo yalichukua muda wake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila TAHLISO inapotajwa, mazungumzo huishia kwenye siasa zake: nani kachaguliwa, nani kamuunga mkono nani, tamko gani limetolewa. Mimi kitu cha kwanza ninachokikumbuka ni kijana yule aliyesimama Ubungo saa kumi na mbili jioni, ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la chuo chetu.

TAHLISO ni jumuiya ya serikali za wanafunzi wa taasisi za elimu ya juu Tanzania. Mwanafunzi hajiungi nayo mmoja mmoja. Wanachama ni hizo serikali zenyewe, kila chuo na rais wake, na hao ndio wanaokutana na kuchagua viongozi wa taifa. Zanzibar wana ZAHLIFE yao, kama walivyo na bodi yao ya mikopo. Ukiitazama kwa juu unaweza kudhani ni ngazi tu ya vyeo juu ya vyeo. Lakini fikiria mambo yanayomgusa mwanafunzi na ambayo mkuu wa chuo chake hana uwezo nayo hata akitaka. Kiwango cha bumu hakipangwi chuoni. Bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, haikupangwa chuoni. Nani ana sifa ya kukopeshwa, fedha ya mafunzo kwa vitendo inatoka lini, mkopo utakatwaje baadaye, yote hayo yanaamuliwa Dar es Salaam na Dodoma. Chuo chenye wanafunzi 20,000 kinaweza kugonga mlango wa wizara kikasikika. Chuo chetu cha wanafunzi wasiofika 2,000 kingegonga mpaka mkono uvimbe. Jumuiya ya taifa ndiyo inayofanya sauti ya chuo kidogo iwe na uzito uleule. Ikishindwa kufanya hilo, vyuo vikubwa vitaendelea kujitetea vyenyewe na vidogo vitabaki na ukungu wao.

Sasa, ugonjwa wa jumuiya za namna hii. Nimeufikiria kwa miaka mingi, darasani nikisahihisha madaftari, na kila mara nafika palepale. Ni jumuiya ya watu wanaopita. Mwaka wa kwanza unajifunza njia ya kwenda maktaba. Mwaka wa pili unagombea. Mwaka wa tatu unaandika utafiti na kuaga. Serikali nyingi za wanafunzi hukaa madarakani mwaka mmoja, na nusu ya mwaka huo ni likizo, mitihani na mafunzo kwa vitendo. Upande wa pili wa meza ameketi mtumishi aliyekaa pale miaka kumi na tano. Amewapokea marais wa wanafunzi kumi na tano, wote vijana, wote na hasira ileile na barua ileile, na anajua kwamba akisema "tunalifanyia kazi," ikifika Julai aliyeuliza hatakuwapo. Si lazima awe mtu mbaya. Yeye anakumbuka na wewe hukumbuki, basi.

Na usahaulifu huu ni wa zamani kuliko TAHLISO. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitembea kwa miguu mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho, pamoja na wenzao wa vyuo vingine. Walikuwa wakipinga sheria mpya ya kuwalazimisha kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na hasa sharti la kufanya kazi kwa miezi 18 wakipata asilimia 40 tu ya mshahara. Chama cha taifa cha wanafunzi kilikuwepo, kikiitwa NAUTS. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawafukuza chuo, karibu 400, siku hiyohiyo. Na siku hiyohiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata, na kati ya kufukuzwa na kurudishwa kwao kulitangazwa Azimio la Arusha.

Nimewahi kufundisha darasa la kidato cha sita wanaojiandaa kwenda chuo, nikawauliza nani amesikia jina NAUTS. Hakuna mkono ulionyanyuka. Sikuwalaumu, mimi mwenyewe nilikuwa waziri wa wanafunzi na sikuwa nimelisikia mpaka nilipofika miaka 27.

Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani, yaani chuo kikuu kilekile cha Dar es Salaam, waliandamana tena. Safari hii walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri, wabunge na viongozi wa chama. Ukilitazama vizuri, walikuwa wakidai kilekile ambacho Mwalimu alikuwa amewaonyesha mwaka 1966, kwamba anayeongoza nchi maskini apunguze kwanza kwake. Walifukuzwa karibu 350, akiwemo mtoto wa Rais mwenyewe. Chama chao, DUSO, kikapigwa marufuku. Mahali pake pakaja MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya umoja wa vijana wa CCM.

Katika shule yangu ya kwanza ya kazi alikuwepo mzee mmoja, mkuu wa shule mstaafu, aliyekuwa akija kuchukua magazeti kwenye chumba cha walimu. Siku moja nikajua kwamba alikuwa Mlimani mwaka 1978. Nikamletea kiti. Alizungumza saa nzima, polepole, bila majigambo, na aliyakumbuka mambo madogo madogo: viatu alivyovaa, nani alikuwa mbele yake kwenye mstari, jinsi baba yake alivyompokea kijijini bila kumsemesha kwa wiki mbili. Nikamuuliza, "Shikamoo tena, Mzee wangu, huna hata karatasi moja ya DUSO uliyobaki nayo? Muhtasari, kadi, chochote?"

"Marahaba. Karatasi zilibaki kulekule, mama," akasema. "Sisi tulirudishwa makwetu. Nani angefikiria karatasi?"

Mzee yule ametangulia mbele ya haki. Saa ile moja haikurekodiwa. Nilikuwa na simu mfukoni, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikuitoa.

Katika MUWATA wanafunzi walikuwa na chombo cha taifa zima, chenye jina zuri, lakini mlezi wake ndiye aliyekuwa pia mtu wa kulalamikiwa. Mwanafunzi alipokuwa na shida na serikali ya chama, chombo chake cha kumsemea kilikuwa tawi la chama. Haikudumu. Mei 1990, baada ya mgogoro mrefu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa na wanafunzi wakarudi majumbani hadi mwanzoni mwa 1991. Vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992, Mlimani ikawa na chama chake cha wanafunzi, DARUSO, MUWATA ikabaki kwenye kumbukumbu za watu waliokwisha kuota mvi. Wakati huohuo uchangiaji wa gharama ukaingia, na mwanafunzi ambaye serikali ilikuwa inambeba kwa kila kitu akaanza kuulizwa atachangia nini.

Ndiyo maana lawama inayosikika sana leo dhidi ya viongozi wa taifa wa wanafunzi, kwamba wamekaa karibu mno na Serikali na vyama, siichukulii kama maneno ya vijiweni. Ina historia. Vyama vyote vikubwa vina mikono yao vyuoni. CCM wana seneti yao ya vyuo vikuu, Chadema wana CHASO, jumuiya ya wanafunzi wao, na kijana mwenye kipaji cha kuongea huonekana mapema. Uongozi wa wanafunzi ukawa njia ya kupitia kuelekea kwingine. Mimi sina ugomvi na kijana anayetaka siasa. Nchi inahitaji watu waliojifunza kuongoza wangali na njaa ya wenzao tumboni. Na nimeshasema, bila yule kijana kuwajua watu wa ofisini kwa majina, wenzangu 38 wangekaa miezi. Ukaribu unafungua milango. Lakini kiongozi anayengojea uteuzi kutoka kwa mtu anayepaswa kumbana, atambana vipi? Atatoa tamko la pongezi. Atatoa na la pili. Na yule mdada wa pasi ndefu atasoma tamko hilo kwenye simu yake, saa sita usiku, tumbo tupu.

Kuna jambo moja linaloniuma zaidi ya hayo yote, na halihusu wanafunzi walioko chuoni.

Nilisaini fomu yangu ya mkopo mwaka 2014. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na wakati nasaini, makato ya kurejesha yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Mwishoni mwa 2016 sheria ikabadilishwa, makato yakawa asilimia 15, hata kwa wale waliokopa zamani. Nilikuwa mwaka wa tatu. Nakumbuka vizuri bunge letu la wanafunzi la wiki zile, maana nilikuwa nimemaliza muda wangu wa uwaziri na nilihudhuria kama mjumbe wa kawaida. Tulijadili tangi la maji la bweni la wasichana. Tulijadili bumu kuchelewa. Spika aligonga meza mara kadhaa kutuliza watu. Hakuna aliyesimama kutaja asilimia 15, na mimi ni mmoja wao. Ilikuwa habari ya watu wenye mishahara, na sisi mshahara tulikuwa tunauona kwa mbali kama mlima.

Nikaajiriwa mwaka 2020, mwalimu wa shahada, daraja la kuanzia, mshahara 716,000. Asilimia 15 ya hiyo ni 107,400. Nilikaa na ile hati ya mshahara kwenye benchi nje ya ofisi ya halmashauri, nikarudia hesabu kwa kidole gotini. Si kwamba sitaki kulipa. Mkopo ulinisomesha, binti wa mkulima wa viazi, na ninapolipa najua kuna mwingine kama mimi anayesaini mahali fulani. Ninachosema ni kwamba siku ile kanuni inabadilishwa, mtu wa kunisemea hakuwepo. Nilipokuwa mwanafunzi, chama changu kilipigania bumu la mwezi huo. Nilipohitimu, nilitoka chamani. Deni likabaki katikati, kwenye uwanja usio na mwenyewe, na deni ndilo refu kuliko yote: bumu unalila kwa miaka mitatu, kulipa unaweza kulipa kwa miaka kumi na zaidi.

Ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni lipande kila mwaka hata kwa anayelipa, iliondolewa baada ya Rais Samia kutangaza hivyo Mei Mosi ya 2021, jijini Mwanza. Tangazo lilitolewa kwenye sherehe za wafanyakazi. Siku ile nilikuwa uwanja mdogo wa wilaya yetu, tumevaa fulana za chama cha walimu, tunasikiliza redio kwenye gari la mtu. Watu walipiga kelele za furaha mpaka maneno yaliyofuata hatukuyasikia. Nami nilifurahi kama wao. Baadaye nikawaza: jambo la wakopaji wa elimu ya juu limebebwa mpaka juu na jukwaa la wafanyakazi, kwa sababu wafanyakazi ndio waliokuwa na maumivu nalo na ndio waliodumu kwenye chama chao muda wa kutosha kulikumbuka mwaka hadi mwaka. Jumuiya ya taifa ya wanafunzi inapaswa kuwa na mahali pa wahitimu, hata kama ni viti vichache visivyo na kura. Mwanafunzi wa leo ndiye mdaiwa wa kesho kutwa. Tangu 2023/24 mikopo imeanza kuwafikia na wa stashahada, kwa hiyo wanaosaini sasa ni wengi zaidi, na wengine wana miaka 18. Nani anawaambia wanachosaini?

Watu wakiniuliza ningetaka nini kifanyike, wanategemea niseme katiba mpya, uchaguzi huru, ruzuku. Hayo ni mazuri. Mimi ningeanza na chumba. Chumba kimoja chenye kabati la chuma, Dodoma au Dar, na mtu mmoja wa kudumu, mwenye mshahara, asiyegombea chochote, ambaye kazi yake ni kupokea jalada la kila uongozi unaoondoka na kumkalisha kila kiongozi mpya siku tatu kabla hajashika kipaza sauti. Barua zote zilizoandikwa wizarani na majibu yake. Ahadi zote, tarehe zake, na nani alizitoa. Orodha za waliokosa, na zilivyotatuliwa. Nakala moja ingekwenda Maktaba ya Taifa. Kiongozi mpya angefika kwenye kikao akiwa na umri wa miaka 22 na kumbukumbu ya miaka 20, na yule mtumishi wa miaka kumi na tano angefunga faili lake taratibu akaanza kumsikiliza kwa namna nyingine.

Nilipokabidhi ofisi, nililifunga lile daftari jeusi kwa karatasi la kaki nikaandika juu, kwa herufi kubwa, USITUPE. Nilimkalisha mrithi wangu nikamsomea ukurasa wa WALIOKOSA BUMU kwa sauti. Nikaongeza chini yake kisa chetu, tarehe, idadi, na siku tisa. Alisaini kupokea. Nikaondoka na amani.

Mwezi Februari mwaka huu nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. "Shikamoo, Mwalimu. Ulinifundisha kidato cha tatu, nilikuwa nakaa dirishani." Nikamkumbuka, mtoto mtaratibu, hesabu zake safi. Yuko chuo kilekile nilichosoma, naye amechaguliwa kuwa waziri wa mikopo. Alikuwa na wenzake 17 waliokosa bumu na alikuwa amesikia kwamba zamani nilishika nafasi hiyo. Siku hizi mengi yamehamia kwenye mfumo wa kompyuta, foleni ya kusaini si ileile tena, lakini aliponieleza jinsi walivyokosa nilisikia kabisa mlio wa jambo ninalolijua.

"Angalia kabatini," nikamwambia. "Kuna daftari jeusi, limefungwa karatasi la kaki."

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, ofisi ilihamishwa. Kabati lile halipo. Hapa tuna meza na viti viwili tu."

Nilimwomba asubiri. Nikaenda mezani, nikachukua kalamu, nikaandika kwa kadiri nilivyoweza kukumbuka, nikampigia picha nikamtumia. Nayaweka na hapa pia, kwa yeyote aliye mbele ya ubao wa matangazo sasa hivi:

Wakikosa, usianze na majina. Anza na namba ya mtihani wa kidato cha nne.

Uliza ni nani aliyerudia mtihani. Aliyerudia ana namba mbili.

Namba aliyoombea mkopo ndiyo iwe kwenye orodha ya chuo. Zisipofanana, afisa mikopo aandike barua, nakala za vyeti vyote viwili, muhuri, kabla orodha haijafungwa.

Barua isiende peke yake. Aende mtu nayo, na asirudi bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.